Sukari Haianzii Kwenye Sahani Peke Yake

Mtu akipimwa na kuambiwa sukari imepanda, mazungumzo ya nyumba nzima huhamia jikoni. Chai inanywewa bila sukari, soda zinapigwa marufuku, sembe inaachwa na familia inahamia kwenye dona, na wali unapunguzwa hadi mgonjwa anahisi anaadhibiwa. Shangazi anasisitiza mlonge, jirani anakuja na habari za maji ya bamia. Wote wana nia njema, na katika suala la chakula na mazoezi mengi wanayoyasema yana msingi. Lakini katika mkusanyiko wote huo wa washauri, ni nadra kumsikia mmoja akiuliza: mwenzetu huyu, usiku analala?

Swali hilo haliulizwi kwa sababu usingizi tumeshauhukumu. Tumeuweka upande wa starehe, na anayeupenda tumemweka upande wa wavivu. Kutokana na hukumu hiyo yamezaliwa maoni manne ambayo utayasikia kijiweni, kazini na hata kwenye foleni ya hospitali. La kwanza, kwamba kukosa usingizi huleta uchovu tu, na uchovu hauui mtu. La pili, kwamba mwili ukikeshwa muda mrefu huzoea. La tatu, kwamba usingizi wa wiki nzima unaweza kulipwa Jumapili. La nne, kwamba anayekoroma amelala fofofo, na wa kuonewa huruma ni yule anayemsikiliza. Nayapinga yote manne, kwa sababu yanatuondolea macho kwenye mojawapo ya mizizi ya kisukari aina ya pili wakati ugonjwa wenyewe unaenea. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba kanda ya Afrika ilikuwa na watu wazima wapatao milioni 24 wenye kisukari, na kwamba zaidi ya nusu yao hawakujua kuwa wanao.

Tuanze na hilo la uchovu. Mwaka 1999 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti wa Karine Spiegel, Rachel Leproult na Eve Van Cauter uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Chicago. Watafiti hao waliwachukua vijana wa kiume 11 wenye afya njema. Kwa siku sita mfululizo waliwaruhusu kulala kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, yaani muda wa saa nne tu. Baadaye wakawapa nafasi ya kukaa kitandani muda wa saa 12 kila usiku ili warudishe usingizi wao. Katika vipindi vyote viwili waliwaingizia glukosi kwenye mshipa na kuangalia mwili unachukua muda gani kuiondoa katika damu. Katika kipindi cha kulala kidogo, kasi ya kuiondoa ilikuwa chini kwa takriban asilimia 40 ikilinganishwa na walipokuwa wamelala vya kutosha. Vijana wale hawakuwa wagonjwa wala hawakuwa wamenenepa. Kilichobadilishwa ni usiku wao, na chini ya wiki moja miili yao ilianza kuishughulikia sukari kama miili ya watu waliowazidi umri kwa mbali.

Miaka tisa baadaye, katika chuo hichohicho, Esra Tasali na wenzake walifanya jaribio ambalo kwangu mimi lina uzito zaidi. Safari hii hawakupunguza muda wa kulala hata kidogo. Watu tisa wembamba wenye afya, wenye umri wa miaka 20 hadi 31, waliachwa walale saa zao kamili. Lakini kila mawimbi ya ubongo yalipoonyesha kwamba mtu ameingia kwenye usingizi mzito, spika zilizokuwa karibu na kitanda zilitoa sauti ya kutosha kumtoa kwenye kina hicho bila kumwamsha kabisa. Baada ya siku tatu tu, uwezo wa miili yao kuitikia insulini ulikuwa umeshuka kwa kiasi cha robo. Ukiwauliza wamelala muda gani, wangekujibu kwa haki kabisa kwamba wamelala usiku kucha. Anayeishi ukuta mmoja na baa, au kando ya barabara ambayo bodaboda hazikatiki, anaelewa jaribio hili bila kufafanuliwa.

Ndani ya mwili mambo huenda hivi. Usingizi mzito unapoingia, mishipa ya fahamu inayotuweka katika hali ya tahadhari hutulia, homoni ya kortisoli hukaa chini, na homoni ya ukuaji hutolewa kwa wingi. Usingizi ukikatwa, tahadhari haiondoki. Kortisoli, ambayo jioni inatakiwa iwe imeshuka, hubaki juu. Mafuta hutoka kwenye akiba na kuzunguka kwenye damu hadi alfajiri. Misuli hupelekewa insulini lakini haiitiki ipasavyo, kwa hiyo sukari hubaki kwenye damu na kongosho hulazimika kuongeza insulini ili kufidia. Kongosho la kijana hulimudu zoezi hilo. La mtu wa miaka 50 mwenye kitambi, ambaye mama yake alikuwa na kisukari, hulimudu kwa muda, kisha huanza kuchoka. Hapo ndipo kipimo cha asubuhi kabla ya kula kinaposoma milimoli 7 kwa lita au zaidi, na mtu anaambiwa ana kisukari.

Hata ile sahani tunayoilaumu haikai mbali na kitanda. Mwaka 2004 Spiegel na wenzake walionyesha kwamba vijana 12 waliolala saa nne kwa siku mbili walikuwa na leptini, homoni ya shibe, pungufu kwa asilimia 18, na grelini, homoni ya njaa, zaidi kwa asilimia 28. Hamu yao ya kula ilipanda, hasa kwa vitu vitamu, vyenye chumvi na vya wanga. Kwa hiyo dereva anayesimamisha gari saa nane usiku kununua chipsi mayai, ilhali alikula vizuri jioni, asihukumiwe haraka kuwa ni mlafi. Njaa ile imechochewa na usingizi alioukosa. Jambo hilo lina upande wake wa matumaini pia: mwaka 2022 kundi la Tasali liliripoti kwamba watu wazima wenye uzito uliozidi, waliozoea kulala chini ya saa sita na nusu, waliposhauriwa jinsi ya kuongeza usingizi na wakaongeza zaidi ya saa moja kwa siku, walipunguza wenyewe wastani wa kilokalori 270 kwa siku. Kiasi hicho kinakaribia chapati moja, na hakuna aliyewaambia wabadilishe chakula.

Msomaji makini ataniuliza: je, tatizo si unene tu? Mnene hukoroma, mnene hupata kisukari, basi usingizi umesingiziwa. Hoja hiyo ni nzito na inastahili jibu. Ni kweli kwamba unene huharibu usingizi na huleta kisukari, na sehemu ya uhusiano tunaouona mitaani inatoka huko. Lakini majaribio ya Chicago ya kupunguza na kuvuruga usingizi yalifanywa kwa watu wembamba. Na mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha matokeo ya wanawake 38 waliozoea kulala vizuri, ambao waliombwa kuchelewa kwenda kitandani kwa saa moja na nusu, kwa muda wa wiki sita. Huo si mkesha. Ni kile kiasi ambacho wengi wetu tunakipoteza kwa simu au tamthilia. Ukinzani wa miili yao dhidi ya insulini ulipanda kwa karibu asilimia 15, na kwa waliokwisha kukoma hedhi ulipanda kwa zaidi ya asilimia 20. Mabadiliko ya mafuta mwilini hayakutosha kueleza ongezeko hilo.

Nje ya maabara hali ni hiyohiyo. Mwaka 2010 Francesco Cappuccio na wenzake wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walikusanya tafiti kumi zilizofuatilia watu zaidi ya laki moja kwa miaka mingi. Waliolala saa tano hadi sita au pungufu walikuwa na hatari ya kupata kisukari aina ya pili iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 28. Waliopata taabu ya kushikwa na usingizi, hatari ilizidi kwa asilimia 57. Walioshtuka usiku na kushindwa kuendelea kulala, ilizidi kwa asilimia 84. Ubora wa usingizi ulionekana kuwa na uzito kuliko muda wenyewe. Tafiti hizohizo ziliona pia kwamba wanaolala zaidi ya saa nane au tisa wana hatari ya juu, lakini hapo tahadhari inahitajika: kulala mno mara nyingi ni dalili ya maradhi mengine ambayo bado hayajagunduliwa, kwa hiyo asitokee mtu akamnyima mzee wake usingizi kwa kisingizio cha takwimu.

Hoja ngumu kuliko zote inatoka hapahapa Tanzania. Mwaka 2015 Gandhi Yetish, Jerome Siegel na wenzao walichapisha vipimo vya usingizi vya Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, pamoja na Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Watu wa jamii hizo, wasio na umeme wala simu, walilala wastani wa saa 5.7 hadi 7.1 kwa usiku. Hawakulala kutuzidi. Na kisukari si ugonjwa wanaosifika nao. Je, huo si ushahidi kwamba kulala kidogo hakuna neno? Mimi nausoma kinyume. Mhadzabe hutembea na kufanya kazi ya nguvu kila siku, hali chakula cha kiwandani, na usingizi wake unafuata giza na ubaridi wa usiku kwa ratiba ambayo haibadiliki sana. Misuli inayofanya kazi hutumia sukari bila kungoja sana insulini. Sisi tumechukua saa zake chache tukaacha mwendo wake, giza lake na mpangilio wake. Fundisho la Eyasi ni kwamba tusiabudu hesabu ya saa pekee. Usingizi wenye manufaa una muda, una kina na una wakati wake.

Wakati wake ndio unaotupeleka kwenye dai la pili, la mwili kuzoea. Mlinzi wa usiku akiulizwa kama anaweza, atajibu ameshazoea. Nesi wa zamu atajibu vivyo hivyo, na hawadanganyi. Hivyo ndivyo wanavyojisikia. Lakini mwaka 2003 Hans Van Dongen na David Dinges wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwapima watu waliolala saa sita kwa wiki mbili. Baada ya siku chache washiriki walisema usingizi hauwasumbui sana tena, huku vipimo vya umakini vikionyesha wanazidi kuharibikiwa siku hadi siku. Kilichozoea ni hisia. Uwezo wenyewe ulikuwa ukiporomoka.

Kuhusu kisukari ushahidi ni wa miaka mingi zaidi. An Pan na wenzake wa Harvard waliwafuatilia manesi wa Marekani zaidi ya 170,000 na mwaka 2011 wakatoa hesabu yao. Kama mwili huzoea zamu za usiku, hatari ingepungua au ingesimama kadiri miaka inavyokwenda. Ilifanya kinyume chake. Waliofanya zamu za kubadilishana kwa miaka mitatu hadi tisa walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 20 ikilinganishwa na wasiofanya. Miaka 10 hadi 19, asilimia 40. Miaka 20 au zaidi, asilimia 58. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilipitia kwenye kunenepa, lakini hata unene ulipoondolewa kwenye hesabu, kundi la miaka 20 na zaidi lilibaki na hatari ya juu kwa asilimia 24. Ngazi ya namna hiyo haipandwi na mwili uliozoea.

Dai la tatu, la kulipa deni Jumapili, lina wafuasi wengi mijini. Christopher Depner, Kenneth Wright na wenzao wa Chuo Kikuu cha Colorado walilijaribu, wakachapisha matokeo mwaka 2019. Kundi moja lilibanwa usingizi siku zote. Kundi jingine lilibanwa siku za kazi, likaachwa lilale litakavyo mwisho wa wiki, kisha likabanwa tena. Uitikiaji wa insulini uliharibika katika makundi yote mawili. Aliyelala hadi saa sita mchana Jumapili amepumzika, na hilo ni jema, lakini asidhani ameisafisha wiki nzima.

Limebaki dai la nne, ambalo naliona la hatari zaidi kwa sababu limefunikwa na kicheko. Mtu anakoroma hadi chumba cha pili kinasikia, kisha ghafla kimya, kama amezimwa. Mkewe anahesabu moyoni. Baada ya muda anashtuka kwa mkoromo mkubwa kama aliyekuwa akizama, kisha anaendelea. Huyo hajalala fofofo. Koo lake limejifunga, oksijeni imeshuka kwenye damu, na ubongo umelazimika kumzindua ili asife. Kwa waliozidiwa, hali hiyo hujirudia zaidi ya mara 30 kwa saa, na asubuhi hawakumbuki chochote isipokuwa kichwa kizito na usingizi wa mchana. Spika za Chicago zimehamia ndani ya koo. Watu wenye tatizo hili la kukatika pumzi usingizini wana kisukari aina ya pili kwa kiwango kikubwa kuliko wengine, na wengi wenye kisukari wanalo bila kujua.

Hapa haki inanitaka niseme jambo ambalo halinifurahishi. Majaribio ya kuwavalisha wagonjwa hao mashine ya kusukuma hewa usiku yametoa matokeo yanayotofautiana kuhusu sukari: mengine yameona nafuu, mengine hayakuona. Mashine hizo husaidia waziwazi kupunguza usingizi wa mchana, jambo ambalo kwa dereva wa basi ni la kufa na kupona, lakini asijitokeze mtu kuziuza kama dawa ya kisukari. Vilevile ugonjwa wenyewe huuma mkono wa usingizi. Sukari ikiwa juu, mtu huamka kukojoa mara tatu au nne. Miguu inawaka moto na kufa ganzi. Na anayetumia insulini anaweza kushtuka usiku akitoka jasho kwa sababu sukari imeshuka mno. Usingizi mbovu unachochea sukari, na sukari inachochea usingizi mbovu. Duara hilo si sababu ya kuupuuza usingizi. Ni sababu ya kulikata mahali popote panapofikika.

Wala sidai kwamba kulala kunachukua nafasi ya chakula na mwendo. Utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kupunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa wiki hupunguza uwezekano wa kupata ugonjwa huu kwa asilimia 58 kwa walio hatarini. Hakuna utafiti wa usingizi unaokaribia ushindi huo. Ninachodai ni kwamba anayeambiwa apunguze wali na atembee, huku analala saa nne na nusu kwa vipande vipande, anaambiwa apande mlima akiwa na mzigo ambao hakuna aliyeuona.

Na tusijidanganye kwamba huu ni mzigo wa mtu binafsi tu. Mama anayeondoka saa tisa usiku kuwahi mboga sokoni hachagui. Mlinzi anayesimama getini saa 12 kwa mishahara yetu tunayoijua hachagui. Kumwambia "lala vizuri" na kuondoka ni kumdhihaki. Wenye makampuni ya ulinzi, hospitali, viwanda na mabasi ndio wenye kalamu ya kupanga zamu. Wanaweza kuacha kumrusha mfanyakazi kutoka zamu ya usiku kwenda ya asubuhi ndani ya siku moja, wanaweza kumpa siku za kutosha za kupumzika baada ya usiku wa mfululizo, na wanaweza kugharimia kipimo cha sukari kila mwaka kwa wanaokesha kwa ajili yao. Kipimo hicho ni tone la damu kwenye kidole.

Kwenye kliniki zetu, mashine za kupima usingizi ni adimu na ni ghali, lakini maswali ni bure. Unalala saa ngapi na kuamka saa ngapi? Unashtuka mara ngapi? Unakoroma? Kuna aliyewahi kukuona pumzi imekatika? Unasinzia ukiwa umekaa? Tepu ya fundi cherehani inatosha kupima shingo; ikizidi sentimita 40 kwa mtu mzima anayekoroma na mwenye presha, hiyo ni sababu ya kumpeleka mbele zaidi. Mwaka 2022 mwongozo wa pamoja wa vyama vya kisukari vya Marekani na Ulaya uliuweka usingizi pamoja na chakula na mazoezi katika matunzo ya mgonjwa. Hatuna sababu ya kusubiri tuagizwe.

Kwako msomaji, ukienda kliniki mara nyingine usingoje kuulizwa. Mwambie daktari au nesi unalala vipi, kama unavyomwambia unakula nini, na nenda na mwenzi wako wa kitandani kama yupo, maana yeye ndiye shahidi wa mkoromo wako. Nyumbani, weka saa moja ya kulala na uiheshimu, zima taa na simu, na usimcheke anayekwenda kulala mapema. Anailinda afya yake.